Boneti ya Bwana Oldershaw

Bwana Clive Oldershaw alikuwa fundi wa kuona kasoro. Kabla ya kustaafu alikuwa mkaguzi wa mizani za maduka hapa Walsall, Uingereza, na nadhani hakuna aliyempa habari kwamba amestaafu. Kila Jumatano jioni, chama chetu cha waunda magari madogo kilipokutana kwenye ukumbi wa kanisa, yeye ndiye aliyekuwa hakimu. Alikuja na tochi nyembamba kama kalamu, na kioo cha daktari wa meno cha kuchungulia uvungu wa magari yasiyozidi urefu wa kiatu.

Mimi nilikuwa nafuatana na shangazi yangu, Glenys, dereva wa lori la taka, ambaye huunda magari yake juu ya meza ya jikoni. Nilipenda sana kumtazama Clive akikagua. Sijapata kuona mtu anayekuta makosa mengi hivyo katika kitu kidogo hivyo.

"Glenys, dada," alisema siku moja, ameinamia Mini ya shangazi na tochi yake. "Waya wa plagi ya pili umeuchomeka kwenye ya tatu. Gari hili haliwezi kuwaka."

"Clive, gari lenyewe linatosha kiganjani. Lilikuwa liende wapi?"

Ukumbi mzima ulicheka. Clive hakucheka. Alikata pointi tatu, akasogea kwa mwingine kama daktari wa zamu.

Na la kwake liko wapi? Hilo ndilo swali nililokuwa nalo kila Jumatano. Kwa miaka tisa alikuwa anaunda Jaguar aina ya E ya mwaka 1961, sehemu moja ya nane ya ukubwa wake, kila kipande kwa mkono wake. Hatukuwahi kuliona. Tuliyoyaona ni maboksi: boksi la milango, boksi la kabureta, boksi la vishikio vya ndani, kila moja limetandikwa pamba na kubandikwa lebo. Siku moja alituonyesha gurudumu. Lilikuwa na spoku sabini na mbili za waya, amezifuma moja moja kwa kibano. Sitasema uongo, nilisahau kupumua.

"Vizuri," Clive alisema. "Endelea hivyo hivyo, usilipumulie."

Nikaona hapo ndipo pa kuuliza. "Utaliunganisha lini, Bwana Oldershaw?"

"Likiwa tayari."

"Litakuwa tayari lini?"

"Binti, chenye haraka hukatwa pointi."

Shangazi akaninong'oneza sikioni, lakini kwa mnong'ono wa dereva wa lori, kwa hiyo wote walisikia: "Na kisichoisha hakikatwi hata moja. Mjanja huyo."

Mwezi wa Septemba wanachama walichoka. Kwenye mkutano wa mwaka shangazi akasimama na pendekezo: asiwe hakimu mtu yeyote ambaye gari lake mwenyewe halijawekwa mezani na kupata pointi sabini kati ya mia. Mikono ikapanda. Hata Norman, mwenyekiti wetu, ambaye Clive akikohoa yeye huomba radhi, alinyoosha wake huku akitazama dari. Clive akapewa muda hadi maonyesho ya Novemba. Akishindwa, uhakimu unakwenda kwa mwingine.

"Sabini!" Clive alisema, akivaa kofia yake. "Sabini ni alama za watoto."

Yaliyotokea nyumbani kwake tuliyapata kwa mkewe, Beryl, ambaye alikutana na shangazi kwenye foleni ya mkate. Oktoba nzima mzee alikuwa chumba cha juu akiunganisha, na boneti haikufunga. Boneti ya gari lile ni ndefu, ni kama nusu ya gari zima. Sasa Clive alikuwa amepaka kila kipande peke yake, tabaka juu ya tabaka, na kukisugua hadi ukaweza kujitazama humo ukichana nywele, kisha akakitia boksini. Katika miaka tisa hakuwahi kukijaribisha kimoja kwa kingine. Tabaka moja la rangi ni jembamba kama ngozi ya kitunguu, lakini kitunguu kizima ni ngozi tupu. Na huyu ndiye aliyekuwa akiwafokea wanaoanza: "Jaribisha kabla ya kupaka!"

"Si akwangue rangi kidogo?" shangazi aliuliza.

"Akwangue?" Beryl alisema. "Ataanza kunikwangua mimi."

Jumamosi ya maonyesho Jaguar ililetwa imefunikwa kitambaa cha hariri, nadhani skafu ya Beryl. Ilikuwa ya kijivu, na boneti imesimama wazi kama mdomo wa kiboko. Watu walijazana. Injini ilikuwa na kila waya, na kila waya ulikwenda pake. Shangazi, aliyechaguliwa kuhukumu siku hiyo, aliizunguka mara tatu. Halafu akasema, "Haya, funga boneti."

"Inaonyeshwa ikiwa wazi."

"Kila kinachofunguka hufungwa mbele ya hakimu. Kanuni ya sita. Norman, aliiandika nani?"

Norman alitazama viatu vyake. "Clive."

Nilitegemea shangazi atafurahia. Badala yake aliinama na kusema taratibu, "Sikiliza, mzee. Nimeshajumlisha. Una themanini na moja. Boneti isiyofunga ni pointi nne tu, unabaki na sabini na saba, na tochi yako ya uhakimu. Sema haifungi, niandike, tukale pai."

"Nne?"

"Nne."

"Mimi sijawahi kukatwa pointi."

"Hujawahi kuleta gari."

Clive aliishusha boneti hadi ikabaki nafasi ya unene wa kucha. Akaweka vidole viwili juu yake.

"Clive, acha!" Beryl alipiga kelele.

Akabonyeza. Tukasikia *tak*. Boneti ilifunga, na nguzo ya kioo cha mbele ikang'oka, kioo kikapasuka katikati, na vipande vya rangi ya kijivu vikadondokea kwenye usukani.

"Imefunga," Clive alisema. "Andika imefunga."

Shangazi aliandika imefunga. Kisha akaandika mengine yote, na jumla ikawa sitini na tatu.

Jumatano iliyofuata shangazi ndiye aliyekuwa akizunguka mezani. Clive alikaa mstari wa nyuma, akimweleza kila aliyemkaribia kwamba kioo kilipasuka kwa sababu ya joto la ukumbi. Aliyasema hayo amevaa koti, skafu na glavu, kama sisi wote.