Orodha Mbili za Maji

Kosa nitakalolieleza hapa ni kiburi cha msomi anayeona aibu kuuliza. Lilikuwa langu.

Miaka ile biashara ilipoachiwa huru, kompyuta zilianza kushushwa Masasi pamoja na redio na baiskeli mpya. Mradi wetu wa maji ulipata mbili. Moja ilibaki Masasi, nyingine ikapandishwa Newala, nami nikapewa kazi ya kuandika programu ya kupanga zamu za boza, lori la kugawa maji. Huko juu, kitongoji kikikosa boza, akina mama hushuka genge hadi bondeni, kisha hupanda tena na ndoo kichwani.

Programu haikubeba majina ya vitongoji ndani yake. Mstari mmoja wa mwanzo uliiagiza iyachukue katika faili lililokaa kwenye folda nyingine, iyaingize, ndipo ianze kazi. Jumatano moja tuliletewa habari kwamba kitongoji kimoja kipya kimerukwa wiki mbili mfululizo. Nikaliongeza jina lake katika faili, nikachapa orodha, halikutokea. Nikaliandika upya, halikutokea. Boza lingeondoka kesho yake asubuhi. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimevuruga nusu ya programu, na bado sikuthubutu kupiga simu Masasi kukiri kwamba nimekwama.

Mtunza masjala, mama aliyenizidi umri, akaja kuchukua orodha aiweke jaladani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Iko wapi orodha?”

“Kompyuta imesahau kitongoji.”

“Imesahau yenyewe, au imesahaulishwa?” Akavuta kiti. “Hilo faili la majina, unayo mangapi?”

“Moja.”

“Umeangalia, baba, au unajibu tu kwa kuwa umesoma?”

Nikaangalia. Yalikuwa mawili. Miezi kadhaa nyuma nilikuja na basi kutoka Masasi, disketi nimeifunga kwa nailoni isiingie vumbi, nikaweka nakala ya majina ubavuni mwa programu, kwa siku ile tu. Programu hutafuta kwanza pale ilipo yenyewe. Iliikuta nakala ile ya zamani, ikatosheka, wala haikufika kwenye folda ya faili nililokuwa nikilisahihisha.

“Sisi jalada haliwi na pacha,” akasema. “Likihitajika kwingine, tunaweka kikaratasi: tazama jalada fulani. Ukiweka nakala, baada ya mwezi moja inasema kweli na nyingine inasema uongo, na zote zina mhuri.”

Nilikuwa nimesoma vitabu vinene juu ya jambo hilo, wala sikutambua kwamba mstari wangu wa mwanzo ulikuwa ndicho kikaratasi chake. Nikaifuta nakala. Orodha ikatoka, kitongoji kikiwa cha saba, na Alhamisi asubuhi boza likaelekea huko.

Kichwani mwa faili lililobaki kuna nafasi ambayo mashine haiisomi, ambapo mwandishi wa programu huweka jina lake. Niliandika pale jina ambalo ofisi nzima ilimwita yule mama: Mama Masjala.