Mpira Uliosimama Shibiri Moja

Verlyn Tuttle ameuza gofu miaka ishirini na saba katika jimbo ambalo nusu ya mwaka mpira ukianguka unauchimbua thelujini kwa sepetu. Kila Februari watu wa Minneapolis huvua makoti mlangoni mwa ukumbi wa maonyesho ya gofu, kisha hupita banda kwa banda wakizoa peremende na kalamu za bure kama kuku waliomwagiwa mtama.

Mwaka huu Verlyn hakuwa akilala. Mama Hagstrom, mwenye kiwanja cha gofu cha Otter Knob kule kaskazini, alimwambia waziwazi: "Niletee vikundi kumi vya watu wanne wanaolipa kucheza. Vikipungua, theluji ikiyeyuka nang'oa kiwanja, napanda miti ya Krismasi." Verlyn anaishi chumba cha juu ya duka la kiwanja hicho. Hata mkewe alimwacha kwa sababu ya kiwanja hicho.

Jumapili alasiri, siku ya mwisho, alikuwa na vikundi vinne. Watu wa jimbo hilo hawajui kusema hapana. "Pazuri kweli! Nitaongea na mama watoto," halafu wanavuka kwenda banda la Arizona, jimbo lisilojua theluji, ambako binti mwenye kofia ya ukili anagawa machungwa.

Ndipo akaja Norm Kjelstad, daktari wa meno, kiongozi wa chama cha wanaume ishirini na wanne wapenda gofu.

"Verlyn, mzee! Bado hujafa?"

"Nangoja uninunulie jeneza. Norm, niletee hao watu wako. Nakusihi."

"Wanataka Arizona, bwana." Norm akalitazama zulia la kijani lenye shimo mwishoni, lililotandikwa mbele ya banda la Verlyn kuwa mtego wa wapita njia. "Nipige mara moja. Nikikosa, wote tunakuja kwako, tunalipa. Nikiingiza, nakuja na watatu bure, wengine waende zao Arizona."

Vikundi sita! Verlyn akakubali papo hapo, maana Norm hupiga mpira kama anang'oa jino.

Mpira ukabiringika, ukayumba, ukasimama shibiri moja kutoka shimoni. Moyo wa Verlyn ukaruka kwa furaha. Na mdomo wake, ambao maisha yake yote haujawahi kumwacha mwenzake ainamie mpira wa karibu hivyo, ukafunguka wenyewe:

"Umeingia huo, okota."

Ndiyo adabu ya mchezo. Mpinzani akishakuachia, mpira umehesabiwa, na neno halirudishwi. Watu wakapiga makofi. Norm akaokota.

"Norm, subiri. Mazoea tu hayo!"

"Umesema mbele ya watu."

"Lakini hili ni zulia, jamani!"

"Mimi ningekuachia, halafu nikuambie upige tena, ungeniitaje?"

Verlyn alijua angemwitaje. Tusi hilo aliwahi kumpa mchungaji.

Akamwandikia Norm cheti cha bure. Kisha akaanza kukimbia huku na huko na vipeperushi, mabanda yakikunjwa, mpaka akamfikia binti wa Arizona.

"Dada, wewe na wenzako watatu, Julai?"

"Baba, mimi hata gofu sichezi. Nimeajiriwa kuvaa kofia."

Akampigia simu Mama Hagstrom.

"Vingapi?"

"Vitano."

"Vinavyolipa?"

Verlyn akaanza kulikunja zulia.

"Verlyn."

"Vinne, mama."

"Basi huyo wa bure mwambie aje mapema Mei. Mwishoni tutakuwa tumeshapanda miti."