Nilipewa kazi ya kutafsiri "overdose" hapa Durban, watu wote wakakana, kisha mmoja akazima mbele yetu

Wakuu, poleni na majukumu. Haya nimeyaona kwa macho yangu, na pale nilipochemsha nitasema mwenyewe.

Naishi Overport, kazi yangu ni stoo moja kule Mobeni. Juzi kati dada mmoja Mhindi wa Chatsworth, mtafiti, alitafuta mkalimani wa Kiswahili kwenye kliniki ya watumiaji wa unga, yaani heroini.

Nikajitosa. Mtu wa Tanga nishindwe Kiswahili?

Swali lilikuwa moja: wamewahi kupata overdose? Nikatafsiri kwa madaha, "Umewahi kuzidisha dozi?"

Jamaa kumi, wote hapana. Shabani, Mbongo mwenzetu, hata alikasirika. "Kaka, mimi mzoefu. Nazidishaje? Kwani mimi mtoto?"

Dada akajaza sifuri mpaka chini ya fomu.

Tukaenda chai, ndipo stori zikaanza. Mmoja aliwahi kuzinduka akiwa na barafu ndani ya suruali. Papy, Mkongo, wenzake walimmiminia maziwa mpaka yakatokea puani. Shabani alizinduka ndani ya ambulance, viatu vimeshaibiwa. Kilichomuuma ni viatu.

Nikauliza, "Sasa hizo si ndiyo overdose?"

Papy akaniangalia kama mimi ndiye mgonjwa. "Hapana. Overdose ni ya ule mwenye alikufa. Mi niko hapa nakunywa chai."

Eish. Nikamweleza dada, akabadilisha swali: umewahi kuzima ukashindwa kuamshwa, pumzi zikawa za shida, midomo ikabadilika rangi?

Mikono kumi juu. Wengine walitaka kuhesabiwa mara nne.

Tukiwa bado tunaandika, Shabani akatoka chooni, akakaa, akaanza kukoroma. Tukacheka, mimi kuliko wote.

Lakini ule mkoromo ulikuwa kama maji yanayoishia kwenye sinki. Halafu kimya kirefu. Halafu tena.

Dada akaona midomo imekuwa ya kijivu. Akaniuliza, "Is he sleeping?"

Wakuu, nikamgeukia Shabani nikamtafsiria, "Umelala?"

Nesi akaja mbio, akamlaza chini, akamsugua kifua kwa ngumi huku akiita, "Shabani, wake up." Na mimi pembeni, "Shabani, amka." Nesi akaniambia ninyamaze, nimshike kidevu kiwe juu. Akampulizia pumzi kwa kifaa, akamchoma naloxone, sindano ya kukata nguvu ya unga.

Alipofumbua macho alinuna, stimu zimekatika. Akataka kuondoka. Nesi akagoma: sindano ikiisha nguvu, unga unaweza kumzimisha tena.

Nikakaa naye masaa mawili. Mwishoni akaniambia taratibu, "Mama yangu naye yuko Tanga. Ukipiga simu nyumbani, sema tulionana tu, nilikuwa mzima."



Nilichojifunza: overdose siyo lazima mtu afe. Akizima haamshiki, pumzi zinachelewa au anakoroma vibaya, midomo au kucha zimegeuka rangi, ita ambulance na usimwache peke yake. Maziwa na barafu wekeni kwenye friji.

Mliopitia haya, au mliomwokoa mtu, karibuni mseme. Na huko kwenu mnaiitaje kwa Kiswahili? Dada anasubiri neno, na mimi mkalimani sinalo.