Mtoto Wangu Ananukia Pafyumu ya Mtu Niliyemtoroka

Admin, jina langu libaki kwako tafadhali. Mimi ni mama wa miaka ishirini na nne, niko Nakuru, mtaa sitautaja na mkisoma mtaelewa kwa nini. Nina mtoto mmoja msichana, ana mwaka na nusu. Tumeishi wawili tangu nitoke kwa babake huko Mau Narok, mtoto akiwa hajaota jino. Sikutoka kwa kupenda. Nilitoka na mkono umefungwa kwa leso kwa sababu alikuwa ameuvunja. Siku hiyo hakunikimbiza. Alisimama mlangoni akaniambia polepole, "Wewe enda. Mtoto atarudi, na hutajua amerudi saa ngapi." Hayo maneno mpaka leo huwa nayasikia nikiosha vyombo.

Hapa town nafanya kazi kwa duka la pafyumu za kupimiwa. Zile za wanaume za bei ya chini ndizo zinatoka sana. Mteja hunusa kifuniko tu akasema hii ni moto, nifungie. Mimi humzuia. Nampulizia kwa mkono, namwambia azunguke, ale, arudi ndiyo aamue, kwa sababu ya bei rahisi huanza na kelele halafu inapotea. Kwa ngozi ikijitahidi ni masaa mawili hivi. Kwa sweta ama shali inaweza kulala mpaka kesho. Bosi wangu hupenda kuwatania, anawaambia pafyumu ni kama mchumba, usiisifu dakika ya kwanza. Wanacheka. Mimi pia hucheka, ni kazi.

Kuna moja naijua kuliko zote. Mwanzo inanukia peremende ya nanasi, tamu ya kuumiza kichwa. Ikitulia inakuwa kama mbao zilizopitiwa na moshi. Mwisho inabaki kitu kidogo kama sabuni, halafu imeisha. Ndiyo babake mtoto alikuwa anajipulizia. Yeye hupakia viazi kwa lori, na alikuwa anaipuliza juu ya ile harufu ya magunia na udongo akidhani ataifukuza. Haifukuziki. Zinachanganyika, na mchanganyiko huo hata nikiwa usingizini nitauamkia.

Sasa, mwezi huu nilienda jioni kumchukua mtoto kwa mama anayetulelea watoto tukiwa kazini, tunamwita Mama Tevin. Nikambeba, na shali yake ikaninukia hiyo kitu. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya baridi. Halafu nikajituliza. Shali inaweza kushika harufu ya mtu yeyote, tena mimi mwenyewe nashinda nikipulizia watu. Nilimpigia dada yangu akanicheka, akasema hiyo pafyumu kila mtu wa boda Nakuru hii ako nayo, kwani wote ni bwana yako? Nikacheka na yeye. Shali nikaifua mara mbili.

Wiki iliyofuata haikuwa shali tena, ilikuwa shingo. Mama Tevin huwaogesha watoto wote baada ya chakula cha mchana, hapo simlaumu, ni mama msafi. Kulikuwa na joto na mtoto alikuwa na fulana tu. Nikamuinua nikambusu chini ya sikio vile huwa tunasalimiana, na ikanipiga ile ya nanasi. Ilikuwa bado haijafika kwa mbao. Nanasi mbichi, na chini yake udongo wa viazi. Dada yangu hawezi kujua maana yake lakini mimi ni kazi yangu: ile ya nanasi haimalizi nusu saa. Aliyembeba mtoto wangu alikuwa ametoka hapo sasa hivi. Pengine tulipishana njiani. Pengine alikuwa amesimama mahali akiniangalia nikifungua geti.

Nilimuuliza Mama Tevin kwa heshima kama kuna mtu alikuja. Akasema hakuna. Lakini alinijibu akikunja nepi ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Jumapili tulipofika nyumbani kutoka kanisani nilikuwa na kikaratasi cha dukani, kile cha kunusishia wateja, nimekipulizia ile ile. Sikumwonyesha mtoto wala sikusema neno. Nilikishika tu nikakaa. Alikuwa sakafuni anagonganisha vifuniko vya sufuria. Akaacha. Akaangalia mlango, akainuka, akanyoosha mikono yote miwili kule mlangoni akasema, "Baba."

Hilo neno sijawahi kumfundisha. Kwa nyumba yetu hakuna baba, hata wa picha.

Na hakuwa analia, alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimejiambia babake akija kumchukua, mtoto atapiga mayowe, majirani watoke. Hatapiga mayowe. Atanyoosha mikono.

Tafadhali msiniambie nirudi tuongee kwa ajili ya mtoto, mlango huo nimeufunga na sitaufungua. Polisi nikienda nitaandikisha nini, kwamba nimenusa? Mama Tevin nikimkabili vibaya anaweza kumpigia simu huyo mtu kabla sijafika kona. Nikimtoa mtoto hapo sina mwingine wa kumwachia, na nikikosa kazi hatuli.

Leo nimesema mtoto ana homa, sijaenda. Nimefunga komeo, amelala kwa paja langu, na shingo yake inanukia mafuta ya mtoto peke yake. Naendelea kumnusa kama mwenda wazimu. Lakini bosi ameshapiga simu, kesho lazima nifungue duka. Wamama mliopita hapa, nishaurini. Kesho asubuhi nimwache na nani?