Ekari Kumi na Mbili za Arlen Haugland

Mwishoni mwa Novemba, upande huu wa Iowa ninakoishi, mahindi yakiwa bado yamesimama shambani watu huanza kusema. Majirani waliopita kwa Arlen Haugland walipunguza mwendo wa magari, wakatazama zile ekari kumi na mbili za kando ya kijito, wakatikisa kichwa. Soya yake ilivunwa Septemba, mahindi mengine Oktoba. Kipande hicho tu kilibaki, kimekauka, majani yakikwaruzana kwa upepo.

Kila mtu alidhani anajua sababu. Arlen alikuwa na saratani ya mapafu. Alikokota mtungi wa oksijeni wenye magurudumu, na kutoka jikoni hadi banda la mashine alipumzika mara mbili. Daktari alimwambia asipange chochote cha baada ya Krismasi.

Lakini mahindi yale aliyaacha makusudi. Kulungu wa kwetu huingia ndani ya mahindi tangu Julai. Hula humo, hulala humo, na kombaini, mashine ya kuvunia, ikishapita hawana tena pa kujificha. Kwa hiyo mwindaji mzuri hupanga siku zake kwa mavuno: nani anavuna lini, shamba la nani litabaki la mwisho. Kwa miaka minne Arlen alimfuata dume mmoja mwenye pembe za matawi kumi na moja, akamkosa kila mwaka. Sasa miguu ilikuwa imemkatalia, akaamua mnyama aletwe kwake. Jumamosi ya kwanza ya Desemba, siku ya kufunguliwa msimu wa bunduki, binti yake Janelle angeingiza kombaini taratibu kutoka juu, na yeye angekaa kwenye kiti kule chini, mahindi yanapogusa kijito. Dume angetokea hapo.

Hakumwambia mtu, hata mkewe, hata Janelle, ambaye angeambiwa asubuhi hiyo hiyo. Huku kwetu mtu atakuonyesha vipimo vyake vya hospitali kabla hajakuonyesha kulungu wake analala wapi.

Jumapili, wakati wa kahawa baada ya ibada, mkewe Lorna alilia mbele ya watu.

"Hawezi hata kupanda kwenye kombaini," alisema. "Na kuomba msaada hataki. Mnamjua."

Maneno hayo yalitosha. Mgonjwa hapa haulizwi. Watu huja tu. Jumanne saa mbili asubuhi kombaini tatu ziliingia kwa Haugland, na mimi nyuma yao na lori la nafaka. Niliingia jikoni kuuliza mahali pa kumwaga. Arlen alikuwa amesimama dirishani, kiganja kwenye kioo.

"Nani kawaita?"

"Hakuna aliyewaita," Lorna alisema, akipaka siagi mikate. "Wamekuja wenyewe. Hebu kaa, unajichosha."

"Mahindi tumwage ghalani kwako," niliuliza, "au tupeleke mjini?"

Aliendelea kutazama kombaini zikijipanga kando ya mahindi. Neno moja lingetosha, na wale wanaume wangegeuza mashine zao bila kinyongo. Lakini walikuwa wameacha kazi zao, na wengine walikuwa wamevaa kofia safi.

"Ghalani," alisema.

Akatoka nje na mtungi wake. Duane Tjaden, jirani wa ng'ambo ya barabara, alichungulia kutoka juu ya kombaini.

"Arlen! Tulidhani umeamua kuotesha msitu!"

"Nilikuwa nawangoja nyinyi wavivu mmalize ya kwenu."

Wakacheka. Saa tano kasoro ilibaki mistari minane tu. Walitoka majike wawili kwanza, kisha dume, kichwa chini, pembe zimebeba majani makavu. Kombaini zote zikasimama. Mtu akapiga mluzi.

"Mama yangu!" Duane alipiga kelele. "Ulikuwa unafuga farasi humu, mzee?"

"Kumbe alikuwemo," Arlen alisema.

Dume akavuka barabara, akaruka uzio, akaingia kwenye msitu uliokodiwa na watu wa mjini kwa kuwinda, ambao hawamruhusu jirani hata kuokota kuni. Tulikula bandani, nyama ya nguruwe na pai za maboga. Duane aliomba sala ndefu ya kushukuru. Arlen alimpa kila mtu mkono.

Nilikuwa bado narudisha sahani jikoni alipomwambia mkewe.

"Siku nne tu, Lorna. Zilibaki siku nne."

"Za nini?"

Akamweleza. Lorna alibaki na mikono ndani ya maji ya vyombo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewaambia."

"Ndiyo, ningewaambia! Wangekaa kwao!" Akayapiga maji kwa kiganja. "Mwanamume mjinga wewe. Mjinga, mjinga."

Jumamosi Arlen alitaka kwenda hivyo hivyo. Janelle alikataa kutazama, akabaki na mama yake. Nilimbebea mzee kiti hadi kijitoni, nikamvalisha jaketi la rangi ya chungwa, nikampa bunduki. Tulikaa tangu saa moja. Mbele yetu kulikuwa na visiki vya mahindi vilivyokatwa sawasawa hadi juu kabisa nyumbani, na kunguru. Mnamo saa tatu mlio mmoja wa bunduki ulisikika kutoka ule msitu wa watu wa mjini, kisha wa pili. Arlen hakugeuza kichwa.

"Wewe ndiye uliyeendesha lori," alisema baadaye.

"Ndiyo."

"Yalikuwa makavu?"

"Unyevu asilimia kumi na tano."

"Basi hayahitaji kukaushwa," alisema. "Wamevuna vizuri."

Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, hakuweza kutoa risasi. Nilizitoa mimi, tatu, nikatia mfukoni. Akataka tukae kidogo zaidi, tukakaa hadi mtungi wa oksijeni ulipoanza kulia kuashiria hewa inakwisha.