Siku Niliyotoka Nimevaa Pango

Mkitaka kucheka chekeni sasa mmalize, maana ni kweli tupu: yule mama Mkenya anayesimuliwa mji mzima wa Buffalo, aliyeingia pangoni kwa wakwe akatoka amelivaa, ni mimi hapa, Mama Brian, na ile picha mliyotumiwa kwenye simu ni ya kiuno changu.

Yote yalianza na viatu. Mwanangu Brian anafanya kazi Columbus, na huko ndiko alikompata Nisha, msichana wa Kihindi mwenye adabu mpaka nikajiuliza amempendea nini huyu wangu, na kumbe wazazi wake wanakaa Amherst, si mbali na kwangu mtaa wa Bailey. Wakataka kuoana. Baba na mama wa msichana hawakuwa na neno, lakini Brian akaniambia, "Mum, kila kitu kiko kwa bibi yake, yule nyanya mzee. Bibi akikataa, hakuna harusi." Na bibi mwenyewe alitaka kuniona hekaluni kwao, siku za sikukuu ya mungu wao wa kike. (Mimi ni Mkristo wa kwaya, niliomba kwanza, nikaona kwenda kusalimia watu si dhambi.)

Basi dada yangu wa Louisville akanitumia viatu vyake vyekundu vya ngozi, visigino hivi, pamoja na onyo: "Vikipata hata mkwaruzo, mimi na wewe basi." Na Brian naye, mdomo wake huo, akinifundisha mila za wakwe kwa simu, akanichekesha kwamba siku ya harusi wasichana wa upande wa bibi harusi huiba viatu vya bwana harusi, ni mchezo wao. Mtu mwingine angecheka akasahau. Mimi kilichonibaki kichwani ni kwamba hawa watu huiba viatu.

Tukafika, mimi na Brian aliyekuja kutoka Columbus, na jirani yangu Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, niliyemleta asimame kama shangazi wa Brian (kwa wakwe huendi peke yako kama mtu asiye na kwao). Mlangoni viatu vyote vinavuliwa, vinapangwa kwenye rafu, hakuna anayevilinda. Nikaitazama ile rafu, nikamkumbuka dada yangu, nikaingia chooni nikavifunga viatu kiunoni kwa leso, chini ya kitenge, kimoja huku kingine huku, nikatoka nikijiona mjanja kweli kweli.

Ndani, vijana wa hekalu walikuwa wametengeneza pango, mfano wa lile la kale kabisa lililoko mlimani kwao India, ambalo mahujaji hulipandia kwa miguu. Mbao, waya, matambara yaliyopakwa rangi ya mawe, na kengele zinaning'inia. Bibi, mzee wa umbo dogo mwenye sari ya njano na macho makali, akanikalisha akanisimulia habari za pango lile, Nisha akitafsiri. Kwamba mungu yule alipokuwa msichana alifukuzwa na mwanamume mmoja mwenye nguvu za ajabu, aitwaye Bhairon, akakimbilia mlimani akajificha pangoni miezi tisa kama mtoto tumboni. Bhairon alipomfikia, msichana akapasua jiwe akatokea upande wa pili, wakafukuzana mpaka juu, na huko akamkata kichwa. Na kile kichwa, jameni, kikaomba msamaha! Akakisamehe, tena akaagiza kwamba hujaji hajamaliza safari mpaka apite kumwona na Bhairon. Hadithi tamu mpaka nikasahau nilichofunga kiunoni. Kisha bibi akaongeza, akinitazama hivi: pango lile ni jembamba, lakini mwenye moyo safi hupita hata awe mnene vipi. Anayeficha kitu, jiwe humbana.

Woi.

"Kuna njia ya pembeni, mama, kwa wenye magoti mabaya," Nisha akasema. Na magoti yangu ni mabovu, Mungu anajua, ningekubali hapo leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Lakini bibi ananitazama, na mimi nikawaza, nikipita pembeni si nimejitangaza mwenyewe? "Magoti yangu ni mazima kabisa," nikasema, nikainama nikaingia, Mama Furaha nyuma yangu, na nyuma yake foleni ya watu na watoto wao.

Nilitambaa vizuri tu mpaka katikati, pale pembamba, kisha nikasikia kiuno kimekamatwa. Kisigino kilikuwa kimeingia kwenye waya.

"Mama Brian, enda basi! Batu banangoya."

"Nimekwama."

"Vuta tumbo."

"Si tumbo!"

Akanipapasa. "Bon, njo nini hii ngumu mu kiuno?"

Nikamnong'oneza. Halafu yule mama, sauti yake ya kuitana ghalani kazini: "Biatu? Donc umeingia na biatu kwa mungu ya batu?"

Huko nje nikamsikia Nisha anauliza, "Brian, wanasema nini?" Na mwanangu, Mungu ambariki, akajibu, "Wanaomba."

Mama Furaha akaona anisaidie. Huyu ni mtu anayebeba maboksi kutwa nzima, akaniwekea mikono miwili nyuma, akasukuma, na mimi nikajivuta, na waya haukuachia, mbao zikalia, kengele zikapiga zote kwa pamoja, nikainuka na pango mgongoni, nikatoka nalo mpaka mbele ya bibi, nikiyaburuta matambara, huku waliokuwa nyuma wamebaki wamepiga magoti peupe. Leso ikafunguka. Kiatu kimoja kikaanguka, kikasimama wima miguuni pa bibi. Watu wakisema walitamani ardhi iwameze, mimi ndiyo kwanza ilikuwa imenitapika. Nikamwona Brian amefumba macho, nikajua nimemvunjia harusi mwanangu, na machozi yakanitoka pale pale.

Nikasema yote. Dada, Louisville, mkwaruzo, wizi wa harusini. Nisha akatafsiri. Bibi akaokota kiatu, akakigeuza, akanitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka wakamletea kiti.

"Anasema," Nisha akatafsiri, naye hajiwezi kwa kicheko, "tangu awe mama anatisha watoto kwamba pango humshika anayeficha kitu, na leo ndiyo mara ya kwanza ameona limemshika mtu kweli. Na anasema Bhairon alisamehewa, itakuwa viatu?"

Akaninyanyua kwa mkono wake mwenyewe, tukapita pamoja njia ya pembeni, kwa sababu, akaniambia, na yeye magoti yake ni mabovu.

Niliapa siku ile sitaficha tena kiatu, hata cha dhahabu. Siku ya harusi nilienda hekaluni na patipati za plastiki, nikaziweka juu kabisa ya rafu, mahali pa kuonekana na kila mtu. Wasichana wakaiba viatu vya Brian kama ilivyo mila. Nilipotaka kuondoka, patipati zangu hazikuwepo, na bibi amekaa kwenye kiti chake, ameitandaza sari mpaka chini, anaangalia dari.

Nikarudi kucheza miguu mitupu. Sijawahi kuibiwa nikafurahi hivyo.