Kikao cha Kwapa Langu

Wanangu wawili walifanya kikao juu ya kwapa langu, nami nimekaa hapo hapo kama mgeni. Mkubwa alitoka Urambo, kaacha tumbaku yake. Mdogo alitoka Igunga. Wamekuja kukataza nisikatwe.

Ngozi yangu iliharibika zamani, mabaka mekundu yanayowasha. Walionipa dawa za fangasi, walionichanja chale, walionong'ona ukoma, majina yao yote ninayo kichwani. Siyaandiki kwa sababu wana wajukuu. Aliyetambua ni mjukuu wangu, daktari, binti wa marehemu mwanangu. Akasema ni saratani ya ngozi, wanaiita limfoma, wala haiambukizi. Ukatwe uvimbe wa kwapani, upimwe, ijulikane dawa. Mtoto huyu ameandika habari hizo hizo, wagonjwa wa namna yangu na jinsi ya kuwatia ganzi au kuwalaza kwa nusu kaputi. Imechapishwa, inasomwa na madaktari wa nchi nisizozijua.

"Mama ni mtu mzima," mkubwa akasema. "Akipigwa nusu kaputi haamki."

"Abaki na uvimbe wake," mdogo akadakia. "Kwani unamlia ugali?"

Nikamtazama daktari wangu. Anavuta nyuzi za mkeka. Mbele ya baba zake mtoto wa kike habishi, ndivyo tulivyomlea, na siku hiyo malezi hayo yalinichefua. Nchi za watu zimsikie, mimi ninayeoza nisimsikie?

"Huyu namwita nani tangu azaliwe?" nikawauliza.

"Mke mwenzio," mdogo akajibu, keshajua ninakoelekea.

"Basi ni mke wa baba yenu. Mama yenu mdogo. Mwamkieni."

"Mama, huo si utani tu?"

"Kwenye harusi mnaucheka, leo umekuwa mchungu? Mwamkieni, au tokeni nyumbani kwangu."

Mkubwa, na mvi zake, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule mtoto, sauti inatetemeka. Halafu ikaacha kutetemeka. Akawaambia hakuna aliyetaja nusu kaputi. Picha ya kifua imeonyesha tezi zimevimba karibu na njia ya pumzi. Mtu wa hivyo kumlaza chali na kumzimisha ni hatari, na ndilo aliloliandika. Mimi nitakatwa nimeegemezwa, kwa sindano ya ganzi ya kwapani tu, macho wazi.

"Mbona hukusema siku zote hizo?" mkubwa akauliza.

"Hamkuniuliza, baba."

Hapo nikawakasirikia wote watatu. Masika yote uvimbe ulikuwa unangoja ruhusa yao. Ulikuwa kama karanga, sasa ulikuwa kama yai la kuku.

Nilikatwa juma lililofuata. Nilisikia mkasi, maumivu sikuyasikia. Aliyenikata akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia nimejaa hasira, woga ukae wapi.

Dawa nimeanza. Mjukuu anasema tungewahi, ingekuwa nyepesi zaidi ya hii inayonitapisha. Wanangu wanapiga simu kila jioni. Naitikia marahaba, basi. Lingine la kuwaambia bado sijalipata.